Majitaka ya Tunduma na ardhi inayoyapokea

Kila chumba cha gesti kinachoongezwa Tunduma huja na bafu lake, na kila bafu huishia kwenye shimo. Mji huu wa mpakani ulikuwa na watu wasiofika 100,000 Sensa ya mwaka 2012 ilipofanyika. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Juu ya hao wapo wapita njia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati ya mji, reli ya TAZARA inapita hapohapo, na Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia. Dereva anayesubiri karatasi zake zikamilike anahitaji kuoga, kufua, kula na kwenda chooni. Mgahawa unaomlisha unaosha masufuria, na utingo wake anaosha lori.

Maji hayo yote yanakwenda chini. Tunduma, kama miji mingi ya Tanzania, ilikua bila mtandao wa mabomba ya majitaka. Hata Dar es Salaam, pamoja na ukubwa wake, ni sehemu ndogo tu ya wakazi ambao nyumba zao zimeunganishwa na bomba la umma. Wengine wote wanategemea karo na shimo uani. Kwa hiyo ardhi ya Songwe, mkoa uliko mji huu, inafanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na mitambo na mabwawa ya kutibu majitaka. Inapokea maji machafu, inayachuja, kisha inayaachia kwenda kuungana na maji ya ardhini.

Kazi hiyo ardhi inaiweza, na inaweza kuifanya kwa miaka mingi bila umeme wala dawa, mradi ipewe nafasi, kina kinachofaa na muda wa kupumzika. Tatizo ni kwamba mashimo mengi huchimbwa bila hata kimoja kati ya hivyo vitatu kufikiriwa. Na kwa mji ambao uhaba wa maji ya bomba umekuwa kilio cha miaka mingi, ambako watu wengi huchota visimani, kosa la shimoni hurudi kwenye ndoo.

Ndani ya karo

Mfumo uliokamilika una sehemu mbili. Ya kwanza ni karo, yaani tangi la septiki: chumba cha chini ya ardhi kilichojengwa kwa tofali au zege, sakafu imemwagwa, kuta zimepigwa plasta, hakivuji popote. Ya pili ni shimo au mtaro wa kunyonyea, ambako maji yaliyotoka kwenye karo huingia ardhini. Karo halinyonyi, linatuliza maji tu. Shimo halitulizi, linanyonya. Ukizichanganya kazi hizi mbili, mfumo wote unaharibika.

Karo zuri lina vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kama theluthi mbili ya urefu wote. Maji yanaingia taratibu na kukaa angalau saa 24. Katika utulivu huo vitu vizito vinazama na kuwa tope. Mafuta ya kupikia, mabaki ya sabuni na vitu vyepesi vinaelea na kutengeneza gamba juu. Katikati hubaki maji ya kijivu yasiyo na vipande. Bomba la kutolea lina umbo la herufi T, mguu wake ukizama hadi kwenye tabaka hilo la katikati, ili lisichukue gamba la juu wala tope la chini. Wakati huohuo vijidudu visivyohitaji hewa vinalila lile tope na kulipunguza, na gesi inayozalishwa hutoka kwa bomba la hewa.

Ubunifu huu si wa jana. Mfaransa Jean-Louis Mouras alijenga tangi la aina hii nyumbani kwake karibu mwaka 1860, akashangaa alipolifungua baada ya miaka kadhaa na kukuta uchafu mgumu ni kidogo mno kuliko alivyotarajia. Mwaka 1895 Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter huko Uingereza, aliliboresha na kulitumia kwa majitaka ya mji. Tangu hapo limesambaa duniani kote, kwa sababu halina kitu cha kuharibika upesi na halihitaji mtu wa kulisimamia kila siku.

Lakini maji yanayotoka kwenye karo hayajawa salama. Yamepoteza vitu vigumu na kama nusu ya uchafu wake, basi. Bado yananuka, na bado yamebeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara ikiwa yumo mgonjwa ndani ya nyumba. Kazi iliyobaki ni ya udongo.

Mafundi wengi hurahisisha mambo kwa kujenga tofali kuzunguka na kuiacha sakafu wazi, au kuacha matundu ukutani ili maji yapotelee hukohuko. Mwenye nyumba anafurahi, kwa kuwa inapita miaka bila karo kujaa. Kumbe hana karo. Ana shimo moja tu linalopeleka kinyesi kibichi moja kwa moja ardhini, na tope lake linaziba udongo mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja, katikati ya mvua, chemba zinaanza kutapika.

Kazi inayofanywa na udongo

Maji ya karo yanapogusa ukuta wa shimo, vijidudu vinajikusanya pale na kutengeneza utando mweusi wa utelezi, unene wake ukiwa sentimita chache. Fundi anayefukua shimo la zamani huuona na kudhani ndio ugonjwa. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwani utando huo hupunguza kasi ya maji kupenya. Lakini ndio pia chujio la kwanza. Unakamata vimelea, unakula mabaki ya uchafu, na unalazimisha maji yaingie kwenye udongo polepole.

Nyuma ya utando ndiko kazi kubwa inakofanyika. Udongo ambao haujajaa maji una hewa katikati ya chembechembe zake. Maji hupita humo kama ngozi nyembamba inayozunguka kila chembe, hayamwagiki kama kwenye bomba. Njiani vimelea vinanata kwenye mfinyanzi, vinakosa chakula, vinaliwa na viumbe wa udongoni, au vinakufa tu kwa kuchelewa. Virusi, ambavyo ni vidogo mno kuzuiwa na chujio, hushikwa na chembe za mfinyanzi. Kadiri maji yanavyochelewa ndivyo yanavyotoka safi.

Kwa hiyo kinachohitajika ni tabaka la udongo usiojaa maji kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani pote, vinataka kitako cha choo cha shimo au shimo la kunyonyea kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisima au chanzo chochote cha maji ya ardhini. Usawa unaopimwa ni ule wa mwisho wa masika, maji yakiwa yamepanda. Songwe ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kisima kinachoonyesha maji mita nane chini mwezi Oktoba kinaweza kuyaonyesha karibu zaidi mwezi Machi. Anayechimba shimo wakati wa kiangazi anaona udongo mkavu na kuridhika, bila kujua kwamba miezi mitano baadaye kitako cha shimo lake kitakuwa kimezama.

Kipo kitu kimoja ambacho udongo hauwezi kukizuia hata ukiwa mzuri namna gani. Naitrojeni iliyo kwenye mkojo na kinyesi hugeuka kuwa naitreti, chumvi inayoyeyuka na kusafiri na maji popote yaendako. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, kwa sababu ikizidi huizuia damu yao kubeba oksijeni vizuri. Kuchemsha maji huua kipindupindu lakini hakuondoi naitreti. Dawa yake ni kupunguza wingi wa mashimo kwenye eneo moja, au kutochota maji hapo.

Kuchimba chini zaidi si dawa

Shimo likijaa, ushauri wa kwanza mtaani ni kuchimba refu zaidi. Unaonekana wa busara, lakini una madhara matatu. Kitako kinasogelea maji ya ardhini, na lile tabaka la kuchuja linapungua au linakwisha kabisa. Udongo wa chini sana una hewa kidogo na viumbe wachache kuliko ule wa mita mbili za juu. Tena kitako chenyewe hakisaidii sana, kwa kuwa ndicho kinachoziba kwanza kwa mashapo. Shimo hunyonya kwa kuta zake.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwongozo wa vyoo vya majumbani uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1992 unaeleza kila aina ya udongo inaweza kunyonya majitaka kiasi gani bila kuchoka. Mita moja ya mraba ya mchanga mnene hunyonya kama lita 50 kwa siku. Udongo tifutifu, lita 25. Mfinyanzi ulioshikana, lita 10. Mfinyanzi unaovimba na kupasuka, chini ya hapo.

Chukua familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku. Jumla ni lita 300, na tuseme 240 ndizo zinazofika kwenye karo. Kwenye udongo tifutifu ukuta unaohitajika haufiki mita 10 za mraba, na shimo la kawaida lenye upana wa mita 1.5 na kina cha mita 3 linatosha, kwani kuta zake zina kama mita 14 za mraba. Kwenye mfinyanzi familia hiyohiyo inahitaji mita 24, na shimo lile litashindwa. Mtaro mwembamba wa urefu wa mita 12, wenye kina cha mita moja cha kunyonyea, unazitoa mita 24 hizo kwa kuta zake mbili bila kushuka karibu na maji. Mtaro hujazwa kokoto, bomba lenye matundu linalazwa juu yake, kokoto zinafunikwa ili udongo usipenye, kisha udongo unarudishwa na nyasi zinapandwa.

Sasa peleka hesabu hiyo kwenye gesti ya vyumba 20. Ikiwa kila chumba kinatoa lita 80 za majitaka kwa siku, ni lita 1,600. Kwenye mfinyanzi hizo zinahitaji mita 160 za mraba za ukuta. Shimo la upana wa mita 2 na kina cha mita 4 lina kama mita 25 tu. Mwenye gesti angehitaji mashimo saba ya aina hiyo, wakati uani kwake kuna moja, pengine mawili. Kinachobaki hakipotei. Kinatoka juu kwenda mtaroni, au kinasubiri mvua kubwa usiku ili kifunguliwe kimyakimya kiondoke na maji ya mvua. Kutapisha choo namna hiyo kunajulikana katika kila mji wa Tanzania wenye vyoo vya shimo, na majirani wa bondeni ndio wanaoamka nacho asubuhi.

Songwe yenyewe haina udongo wa aina moja. Uwanda wa Mbozi una udongo mwekundu, uleule unaoufanya mkoa ujulikane kwa kahawa. Una mfinyanzi, lakini wa aina isiyovimba, na mara nyingi chembe zake zimeshikana kwa vibonge vidogo vyenye nafasi katikati, kwa hiyo unaweza kupitisha maji vizuri kuliko unavyoonekana mkononi. Ukishuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba ambako Mto Momba hupita na mpunga hulimwa, hali inabadilika: nchi ni tambarare, maji yako karibu, na udongo mweusi wa mbugani huvimba wakati wa mvua na kufunga kila tundu. Mchoro wa shimo uliofaa Vwawa, huko Mbozi, hauwezi kunakiliwa Kamsamba. Hata ndani ya Tunduma, kiwanja kilichoko mwinukoni na kilichoko karibu na kijito vinahitaji maamuzi tofauti.

Ndoo, rula na saa

Udongo hupimwa kwa njia ambayo haijabadilika sana tangu Henry Ryon alipoianzisha jimboni New York, Marekani, mwaka 1926. Haihitaji maabara.

Kwanza unachimba vishimo viwili au vitatu mahali ambapo mtaro utapita, kila kimoja kikiwa na upana wa kama sentimita 30, na kina kilekile kitakachofikiwa na mtaro. Jembe na sululu vinapokata mfinyanzi huacha ukuta uliolainika, unaong'aa kama chungu kilichopigwa msasa. Huo unakwanguliwa kwa kisu mpaka udongo halisi uonekane. Vumbi lililoanguka chini linaondolewa, kokoto zinawekwa kimo cha sentimita 5, kisha kishimo kinajazwa maji na kuachwa usiku kucha. Hatua hii watu hupenda kuiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko zote, maana udongo mkavu hunywa maji kwa pupa na kumdanganya anayepima. Mfinyanzi unahitaji muda wa kulowa na kuvimba kama utakavyokuwa siku zote mfumo ukishaanza kazi.

Asubuhi yake kishimo kinajazwa tena hadi sentimita 15 juu ya kokoto. Kijiti chenye alama, au rula iliyofungwa kwenye mti, kinasimamishwa ndani. Kila baada ya nusu saa anayepima anasoma maji yameshuka kiasi gani, anaandika, anajaza tena. Baada ya saa nne kipimo cha mwisho ndicho kinachotumika. Maji yakichukua zaidi ya saa nzima kushuka sentimita 2.5, mahali hapo hapafai kwa shimo la kawaida. Yakitoweka kwa dakika moja au chini yake, nako si kuzuri: mchanga mkubwa au mwamba wenye nyufa unapitisha maji haraka mno, hayachujwi, na kisima cha jirani kiko hatarini.

Maji ya kupimia ni safi, hayana utando wala mafuta, kwa hiyo kasi inayoonekana siku ya kipimo haitadumu. Kipimo kinasaidia kuutambua udongo uko kundi gani. Ukubwa wa mtaro hupangwa kwa zile lita za kila siku zilizokwisha tajwa. Na ni vizuri kuchimba kishimo kimoja kirefu zaidi, hata kwa kuazima uzoefu wa wachimba visima wa mtaa huo, ili kujua maji au mwamba viko wapi.

Kisima na majirani

London iliujua uhusiano wa shimo na kisima kwa msiba. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu kuzunguka pampu ya Broad Street, na daktari John Snow akaonyesha kwamba waliokufa walikuwa wakinywa maji yake. Uchunguzi uliofuata uligundua shimo la majitaka la nyumba ya jirani, tofali zake zikiwa zimeoza, chini ya mita moja kutoka kwenye kisima.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye barabara hiyohiyo inayopita Tunduma. Lusaka imekaa juu ya mwamba wa chokaa na dolomaiti uliojaa nyufa na mapango, na sehemu kubwa ya maji ya mji huo hutoka ardhini humo. Katika mitaa kama Kanyama udongo ni mwembamba, mwamba uko karibu, na mvua zikizidi maji huja juu na kuingia vyooni. Udongo wa kuchuja haupo, kwa hiyo kinachoingia shimoni kinafika kisimani bila kizuizi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Zambia Oktoba 2023, na ambao Lusaka ndiyo iliyoumia zaidi, uliwapata watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 700. Mji unaopokea malori kutoka huko kila siku una sababu ya kuangalia mashimo yake yenyewe.

Umbali unaopendekezwa, zile mita 30, una maana ya muda. Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2001 kwa nchi zinazoendelea, iliweka kipimo cha siku: maji yakichukua siku 25 kusafiri kutoka shimoni hadi kisimani, hatari ya vimelea ni ndogo, yakichukua siku 50, ni ndogo sana. Kwenye mfinyanzi siku hizo zinapatikana ndani ya mita chache. Kwenye kokoto au mwamba uliopasuka mita 30 zinaweza kumalizwa kwa siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Kisumu, Kenya, wamelifundisha. Watafiti waliochunguza visima vya mitaa ya Manyatta A na Migosi waliona kwamba kadiri vyoo vya shimo vilivyokuwa vingi ndani ya mita 100 za kisima, ndivyo naitreti na kloraidi zilivyozidi kwenye maji. Mwenye kisima anaweza kuwa ameweka choo chake mbali kama alivyoelekezwa, lakini hana amri juu ya vyoo vya wenzake.

Tunduma inalijua tatizo hilo kwa vipimo vya viwanja. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata ukipima kutoka kona moja hadi nyingine hupati mita 30. Mitaa iliyobanana kama ya Sogea au Majengo haiwezi kuwa na choo cha shimo na kisima cha kunywa katika kila ua. Lazima kimoja kiondoke, na kinachoweza kuondoka ni kisima. Visima vya humo vibaki kwa kufulia na kusafishia, na maji ya kunywa yatoke kwenye chanzo kilicholindwa nje ya makazi na kufikishwa kwa bomba.

Lakini bomba nalo linaongeza mzigo. Anayebeba maji kichwani hutumia ndoo mbili tatu; akifunguliwa koki nyumbani, akaweka choo cha kuvuta na bafu la mvua, matumizi yanapanda mara kadhaa. Shimo lililotosha jana linashindwa. Kila mradi wa kuleta maji mjini unapaswa kuja na jibu la wapi yatakwenda yakishatumika.

Matunzo ya kila siku

Mfumo mzuri unaweza kuuawa uani bila mtu kujua. Kwa Tunduma, adui mmoja ni gurudumu. Ua wa gesti ndio huohuo maegesho, na lori lenye shehena likipita juu ya mtaro wa kunyonyea hukandamiza udongo mpaka zile nafasi za hewa zinafungana. Udongo uliokandamizwa namna hiyo haurudi upesi. Eneo la mtaro lizungushiwe uzio au mawe, liote nyasi, lisijengwe, lisipandwe miti yenye mizizi mirefu, lisiwekewe simenti juu.

Maji ya mvua kutoka paani yasielekezwe kwenye karo. Yanalijaza ghafla, yanatibua tope na kulisukuma hadi mtaroni. Jikoni pa mgahawa pawe na kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya karo. Oili na dizeli kutoka sehemu ya kuoshea magari visiingie kabisa, kwa kuwa vinaua vijidudu na vinafika kwenye maji ya ardhini. Dawa kali za kusafishia choo zikimwagwa kwa wingi nazo zinaua wafanyakazi wa ndani ya karo.

Tope lenyewe halikwepeki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakadiria lita 25 hadi 40 kwa mtu kwa mwaka. Likifikia theluthi ya karo, gari la kunyonya majitaka liitwe, bila kusubiri harufu. Na kwa wenye nafasi, mitaro miwili ni bora kuliko mmoja mkubwa: mmoja ukifanya kazi, mwingine unapumzika kwa miezi sita au mwaka, hewa inaingia, utando mweusi unaliwa na viumbe wa udongoni, na ukuta unarudia uwezo wake.

Wenye dhamana

Tanzania imeshawahi kuhamasisha watu wachimbe vyoo kwa mafanikio makubwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikisha elimu ya choo vijijini kwa redio na vikundi vya kujisomea, na miaka ya karibuni Nyumba ni Choo imeendeleza kazi hiyo. Hatua ya kuwa na choo nyumbani imepigwa na familia nyingi. Hatua inayofuata ni ya kiufundi zaidi, nayo inahusu kilicho chini ya choo.

Sheria za kuanzia zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mito na maziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayemwaga majitaka kwenye vyanzo vya maji, yakiwemo maji ya ardhini, awe na kibali, na kwa sehemu kubwa ya Songwe ofisi inayohusika ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa iliyoko Mbeya. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 imeziweka huduma za maji safi na za majitaka chini ya mamlaka zilezile. Halmashauri ya Mji wa Tunduma ina maofisa afya na ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi.

Mahali pa kuunganisha mambo hayo ni meza ya kibali. Mwombaji wa kibali cha gesti, hoteli, shule au nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi atakiwe kuleta matokeo ya kipimo cha udongo na hesabu ya mita za mtaro, sawa na anavyoleta ramani ya jengo. Ofisa afya afike kabla karo halijafunikwa, aone sakafu na plasta, kwa kuwa likishafunikwa hakuna atakayejua. Pale ambapo kipimo kinaonyesha udongo umegoma au majengo yamebanana, wamiliki wa mtaa mzima wapewe utaratibu wa kuunganisha makaro yao kwa bomba dogo hadi eneo moja la pamoja lenye mitaro au bwawa la mimea. Na gari la kunyonya liwe na mahali rasmi pa kumwaga, la sivyo tope lililotolewa Tunduma mjini litaishia kwenye shamba la mtu Mpemba au Chapwa.

Mji unapanuka kuelekea hukohuko Mpemba na Chapwa, ambako bado kuna viwanja visivyojengwa na nafasi ya kutenga maeneo ya kunyonyea na maeneo ya visima yasiyogusana. Katika mitaa ya zamani nafasi hiyo imekwisha na kila marekebisho yatagharimu kuvunja. Huku kwenye mitaa mipya inahitajika ramani ya mipango miji itakayoonyesha maji ya ardhini yako kina gani na yanaelekea wapi, na ikabidhiwe kwa maofisa ardhi kabla viwanja havijauzwa.